Picha Iliyochomwa, Michoro Iliyobaki



Mbele yangu hapa mezani kuna kitabu, na ndani yake imechapishwa picha ya mchoro wa mzee mmoja. Ni kichwa tu. Uso umechorwa kwa uangalifu: mashavu yaliyolegea, mdomo uliokazwa, jicho lililochoka lakini halijalala. Mabega yameachwa bila kumalizwa, na mwili haupo kabisa. Mchoraji hakukusudia mchoro huo utundikwe ukutani. Ulikuwa wa kumsaidia katika kazi yake, kama vile mshonaji anavyoandika vipimo kabla ya kukata kitambaa. Picha yenyewe ilikuja baadaye. Ikamalizika, ikafunuliwa mbele ya watu wengi, kisha ikachomwa moto. Leo picha iliyokamilika haipo tena duniani, na michoro ya kujaribia ndiyo iliyobaki.

Aliyechorwa ni Sir Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Aliyechora ni Graham Sutherland. Na picha ile haikuteketezwa na adui. Iliteketea kwa ridhaa ya Lady Churchill, mkewe, mtu aliyempenda kuliko watu wote. Ningependa tuifikiri habari hii pamoja, maana swali lililomo si la Waingereza peke yao. Swali ni hili: tukimpenda mtu, je, tuna haki ya kuuharibu ukweli wake ili asiumie?

Jinsi mambo yalivyokuwa

Mwaka 1954 Churchill alikuwa anakaribia kutimiza miaka 80. Wabunge wa Uingereza, wa mabaraza yote mawili na wa vyama mbalimbali, walichanga fedha wampe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Wakamwendea Sutherland, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa wakati ule, wakapatana naye malipo ya gini 1,000, yaani pauni 1,050. Ilikusudiwa kwamba baada ya kifo cha Churchill picha ikae katika majengo ya Bunge.

Mwishoni mwa Agosti mchoraji akaanza kwenda Chartwell, nyumba ya Churchill huko Kent. Inasimuliwa kwamba mzee alimwuliza atamchoraje, kama malaika mchanga au kama mbwa mkali? Sutherland akamjibu kwamba hilo litategemea yeye mwenyewe atamwonyesha nini. Churchill alitamani achorwe amevaa joho la heshima la nishani ya Garter, lakini walioagiza kazi wakataka aonekane katika mavazi yake ya kila siku ya Bungeni.

Sutherland hakuimaliza picha mbele ya mzee. Alichora vipande vipande: leo kichwa, kesho mikono, siku nyingine jicho au mdomo, mara kwa kijiti cha mkaa, mara kwa rangi ya mafuta. Kisha akaichukua michoro hiyo, pamoja na picha za kamera, akaenda kuifanya picha kubwa katika chumba chake cha kazi. Tukumbuke pia kwamba mnamo Juni 1953 Churchill alikuwa amepatwa na kiharusi, na wananchi hawakuambiwa. Kwa hiyo mtu aliyeketi mbele ya mchoraji hakuwa tena yule simba wa miaka ya vita. Alikuwa mzee aliyejua kwamba nguvu zinamwacha, naye hakutaka watu wengine walijue jambo hilo.

Picha ilipokamilika ilimwonyesha ameketi, mikono imeshika kiti, uso umeinama mbele kidogo, mzito, wenye hasira na uchovu. Churchill alipoiona aliumia sana. Alifika hata kumwandikia mchoraji kwamba picha hiyo haifai kutolewa katika sherehe. Mbunge mmoja akamsihi, akakubali kwa ajili ya heshima ya waliochanga. Tarehe 30 Novemba 1954 ikafunuliwa katika Westminster Hall. Mzee alisimama akaisifu kwa maneno machache ya mzaha kuhusu sanaa za kisasa, ukumbi mzima ukacheka. Lakini kwa mchoraji mzaha ule ulikuwa mkuki.

Picha ikapelekwa Chartwell. Haikutundikwa. Churchill alifariki Januari 1965, na mkewe akafariki Desemba 1977. Ni mwaka 1978 tu ndipo ilipotangazwa kwamba picha ilikuwa imeteketezwa zamani, hata kabla ya mzee kufa. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba katibu wa Lady Churchill pamoja na kaka yake waliichukua usiku wakaichoma moto, na bibi akaridhia. Sutherland, ambaye alikuwa hai bado, alisema wazi kwamba huo ni uharibifu. Yeye akafariki mwaka 1980.

Michoro ya kujaribia haikuwa Chartwell, ndiyo maana ikasalimika. Baadhi yake imo katika jumba la National Portrait Gallery mjini London. Mmoja uliuzwa kwa mnada mjini humo mnamo Juni 2024, kwa pauni 660,000. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo: kilichotengenezwa ili kikae milele kikawa majivu, na kilichotengenezwa ili kitumike siku mbili tatu kikawa hazina.

Utetezi wa mke

Ni rahisi kumhukumu Lady Churchill. Lakini tusifanye haraka. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe, alipoiona picha mara ya kwanza, aliguswa na ukweli wake. Hakuichukia kwa sababu ni ya uongo. Aliichukia baadaye, alipoona inavyomtesa mumewe. Alikuwa ameishi naye tangu mwaka 1908. Alimwona akilala na kuamka na uchungu huo. Ni nani kati yetu, akiona kitu kinamwumiza mwenzi wake wa miaka 46, asingetamani kukiondoa nyumbani?

Tena Maandiko yaonekana kumtetea. Tunasoma katika Mwanzo sura ya 9 habari za Nuhu, aliyelewa akalala uchi hemani mwake. Hamu aliona, akatoka akasimulia nje. Lakini Shemu na Yafethi walitwaa nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasiuone utupu wa baba yao, wakamfunika. Hao wawili wakabarikiwa. Naye Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, afundisha kwamba upendo hufunika dhambi nyingi. Je, si hivyo alivyofanya mama huyu? Si alitwaa nguo akamfunika mzee wake?

Kwa muda mrefu nilidhani jibu ni ndiyo. Leo sidhani hivyo, nami nitaeleza kwa nini. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao, lakini hawakuuharibu ukweli wa jambo lile. Asubuhi Nuhu alipoamka alijua yaliyotokea. Na zaidi ya hayo, ndugu zangu, habari yenyewe imeandikwa! Roho aliyewasifu wana waliofunika ndiye aliyeruhusu Kitabu kisimulie kwamba mtu wa haki, aliyeokolewa katika gharika, alilewa. Basi kufunika ni jambo moja na kuteketeza ni jambo lingine. Afunikaye anasema: huyu ni baba yangu, tena yu uchi, nami sitaruhusu achekwe. Ateketezaye anasema: jambo hili halikuwako. Wa kwanza amemheshimu baba yake kama alivyo, lakini wa pili amemheshimu baba mwingine, aliyemtengeneza yeye mwenyewe.

Upungufu wa picha

Hata hivyo, Churchill naye alikuwa na hoja yake, nasi tuisikilize. Picha iliyokamilika na kutiwa fremu husema: huyu ndiye. Haisemi: huyu ndiye alivyokuwa mwezi wa Septemba, alasiri, akiwa amechoka. Mtu ana miaka 80, amekuwa mtoto, askari, mume, baba aliyezika binti yake mdogo, mwandishi, kiongozi katika vita. Na sasa majuma machache ya uzee yanawekwa kuwa jumla ya yote. Nadhani hapo ndipo palipomwuma. Kila mzee ajua kuwa amezeeka. Linaloumiza ni kuambiwa kwamba hesabu imekwisha fungwa.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaweza kuongeza neno hapa. Churchill alikuwa Waziri Mkuu hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952. Wakati Sutherland akikaa naye Chartwell na kijiti chake cha mkaa, maelfu ya watu walikuwa kizuizini huko Kenya. Mzee wa Kikuyu aliyepitia kambi zile angeweza kuutazama uso ule na kuona mambo ambayo Bunge la Uingereza halikuagiza yachorwe. Sisemi hivyo ili nimhukumu marehemu, kwa maana anaye Mwamuzi wake. Nasema tu kwamba hata picha ya kweli ya mchoraji mwaminifu haikuwa ukweli wote. Waliochanga fedha walijua sehemu. Mke alijua sehemu. Waliofungwa walijua sehemu. Hakuna mkono wa mwanadamu uliomaliza kumchora mtu yule.

Ndiyo maana mimi naupenda mchoro wa kujaribia kuliko ninavyoipenda picha yenyewe, ambayo leo twaiona katika picha za kamera tu. Mchoro hauogopi kuonyesha shavu lililolegea, lakini haujidai kwamba umemaliza. Mabega yaliyoachwa yanasema: bado. Katika karatasi ile mtu anatazamwa kwa ukweli, na papo hapo anaachiwa nafasi.

Daftari langu

Sasa imenibidi niseme habari yangu mwenyewe. Nisingeisema kama mama yangu hangenipa ruhusa.

Baba yangu alipofariki, ndugu walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Ninyi nyote mwajua wasifu unavyosomwa kwenye mazishi yetu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliajiriwa wapi, ameacha mjane na watoto wangapi. Usiku wa kwanza wa msiba nilikaa jikoni na daftari la shule nikaandika. Niliandika kwamba baba alikuwa seremala hodari. Niliandika kwamba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka 22 na kwamba benchi tunazokalia ni kazi ya mikono yake. Niliandika pia kwamba kabla ya hapo alikunywa pombe kwa miaka tisa, kwamba aliuza cherehani ya mama ili apate fedha ya kunywa, na kwamba siku moja asubuhi, wakati wa Kwaresima, alikwenda kwa kasisi kwa miguu yake akaomba aombewe, wala hakugusa pombe tena mpaka kufa. Niliandika kwa haraka, maneno mengine nimeyakata, mengine yamepindana. Lilikuwa ni rasimu tu.

Asubuhi nikamsomea baba mkubwa. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini hayo ya pombe yatoe. Marehemu hasemwi." Wajomba wakaitikia. Shangazi akasema kwamba nitawafurahisha majirani wasiotupenda. Mama alikuwapo, amejifunika kanga, hakusema neno. Nami nikatoa. Miaka tisa ikawa mstari mmoja: kwamba katika ujana wake alifanya kazi za useremala sehemu mbalimbali. Nikaandika upya katika karatasi safi, ikasomwa kaburini, na watu wakanishika mkono wakisema ni wasifu mzuri.

Miezi michache baadaye kijana mmoja wa mtaa wetu alikuja nyumbani jioni. Alikuwa anapigana na gongo. Ameacha, amerudia, ameacha, amerudia. Nikamtia moyo kama tunavyofanya, nikamtolea mfano wa baba, jinsi alivyomtumikia Mungu. Akanitazama akasema, "Mwalimu, mzee wako alikuwa mtakatifu tangu tumboni. Nilisikia wasifu wake. Sisi wengine hatukuumbwa hivyo."

Ndugu zangu, daftari lilikuwa ndani ya sanduku, hatua tano kutoka pale alipoketi. Nilinyamaza. Nilisema moyoni kwamba naitunza heshima ya baba. Kijana akaaga akaenda, na Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani, wala iliyofuata.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Lady Churchill, na hapo ndipo nilipoacha kukubaliana naye. Nilikuwa nimeichoma picha ya baba yangu kwa sababu nilimpenda. Lakini katika kuuficha ulevi wake nilikuwa nimekificha pia kile alichotendewa na Mungu. Kama hakuanguka, basi hakuinuliwa. Nilimpokonya baba ushuhuda wake mkubwa kuliko benchi zote alizozitengeneza, nikawaachia watu mzee safi asiyeweza kumsaidia mtu yeyote. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha uchi hazai.

Nikaenda kwa mama. Nikamwambia yote, nikamwuliza kama naweza kumsomea yule kijana rasimu ile. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Cherehani ilikuwa yangu. Kama ni kusamehe, nilisamehe mimi, si baba yako mkubwa. Nenda kamsomee." Nami nikaenda.

Maswali matatu

Najua hatari ya habari kama hii. Wapo watu ambao wakisikia kwamba ukweli usichomwe, wataanza kuchimba makaburi ya wengine. Hao si watoto wa Shemu, ni watoto wa Hamu. Kusimulia aibu ya mtu hadharani, kwa ladha, huku ukijiita mkweli, ni dhambi ile ile ya ulimi ambayo Mtume Yakobo aliikemea. Kwa hiyo kabla ya kuufunua au kuufunika ukweli wa mtu tunayempenda, nadhani yatupasa tujiulize maswali matatu.

Kwanza, ukweli huu ni wa nani? Kosa la baba yangu lilikuwa na wenyewe: baba aliyetenda, na mama aliyetendewa. Si mimi, wala si ukoo. Kosa langu halikuwa kunyamaza kaburini tu. Kosa langu lilikuwa kwamba sisi wanaume tuliamua, na mwenye cherehani hakuulizwa. Mara nyingi tunaposema kwamba twatunza heshima ya marehemu, twatunza heshima yetu sisi tuliobaki.

Pili, ukweli huu ukisemwa, nani atasimama kwa sababu yake? Mitume walikuwa na kila sababu ya kuficha kwamba Petro, mkuu wao, alimkana Bwana mara tatu. Wangeweza kukata mstari ule. Lakini habari hiyo imo katika Injili zote nne. Na mapokeo ya Kanisa la kale yasema kwamba Marko aliandika kutokana na mafundisho ya Petro mwenyewe. Ikiwa ndivyo, Petro hakuichoma picha yake. Aliitoa mwenyewe, ili kila aliyemkana Bwana tangu siku ile ajue kwamba hata baada ya jogoo kuwika kuna kesho. Naye Mathayo, akiandika ukoo wa Bwana wetu, hakuona haya kumtaja mke wa Uria, ijapokuwa neno hilo lilimkumbusha kila Myahudi dhambi ya Daudi.

Tatu, je, mimi mwenyewe ningekubali kuchorwa kwa kipimo hiki? Ikiwa nataka aibu ya jirani isemwe na yangu ifunikwe, nimeshika kijiti cha mkaa kwa mkono mbaya. Na ikiwa nataka mtu atazamwe kwa saa yake mbaya tu, pasipo nafasi ya kuongeza mstari mwingine, nimesahau kwamba mimi pia ni mchoro usiomalizika.

Haya si maswali ya msibani tu. Mzazi anamwambia mtoto, "Wewe ni mwizi," kwa sababu ameiba mara moja. Hapo amempigilia fremu. Mke amezoea kusema, "Mume wangu ndivyo alivyo, hatabadilika". Naye ameshaweka sahihi chini ya picha. Na sisi katika halmashauri ya kanisa, tukizungumza habari za ndugu aliyeanguka, mara ngapi tunafunga faili wakati Mungu hajafunga? Kwa upande mwingine, mara ngapi tunakijua kidonda cha mtu, tukakifunika kwa sifa mpaka kikaoza ndani? Ukweli usio na upendo humaliza mtu kabla ya wakati wake. Upendo usio na ukweli humwacha peke yake na jambo ambalo hakuna anayethubutu kulitaja. Nadhani Churchill alikuwa peke yake hivyo. Watu wote wa nyumba yake walimsaidia kuichukia picha. Sijui kama yupo aliyemsaidia kusema, "Ni kweli, nimezeeka, nami naogopa." Labda angesikia jibu kwamba bado anapendwa, na picha isingemtesa.

Mkono uleule

Kuna neno moja limebaki. Katika miaka ileile Sutherland alikuwa na kazi nyingine mkononi. Kanisa Kuu la Coventry lilikuwa limepigwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, likabaki kuta. Kanisa hilo, ambalo ni la Kianglikana kama letu, likaamua kujenga jipya kando ya magofu, na Sutherland akapewa kazi ya kubuni kitambaa kikubwa cha kufumwa kitakachoning'inia nyuma ya altare, chenye sura ya Kristo katika utukufu. Alikifanyia kazi kwa miaka kadhaa, akichora na kuchora tena. Kilifumwa Ufaransa, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1962. Urefu wake ni yapata mita 23. Kristo ameketi, mkubwa, akiwatazama wote waingiao. Na kati ya miguu yake amesimama mtu mmoja mdogo sana.

Mkono uliomchora yule mzee wa Chartwell ndio uliomchora huyo mtu mdogo. Hatuambiwi ni nani. Hana joho la heshima wala cheo. Ukimtazama kwa mbali ni kama mchoro uliopigwa haraka. Lakini amesimama pale bila woga, kwa kuwa aliye juu yake anamjua yote, wala hakumchoma.

Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, atuambia kwamba sasa tu watoto wa Mungu, na kwamba vile tutakavyokuwa bado havijadhihirika. Basi tuwe tayari kuonekana tulivyo leo, tukijua kwamba Mchoraji hajaweka kalamu chini. Na tuwatazame wenzetu vivyo hivyo.

Yule kijana niliyekwenda kumsomea daftari alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie mahali pa cherehani. Tangu siku ile ameanguka mara mbili. Mara zote mbili amerudi kanisani, naye hukaa benchi ya nyuma kabisa, iliyotengenezwa na baba. Bado. Tumwombee.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.